Kengele ya Voltifasi

Foleni ya duka la vifungo, shule zinapokaribia kufunguliwa, huwa ndefu kuliko ya zahanati, na watu wake huwa wakali zaidi. Kila fundi wa nguo mjini hugundua siku hiyohiyo kwamba zipu zimemwishia. Fundi wetu alikuwa wa saba, gauni lake la kijani lina mifuko mikubwa aliyoishona mwenyewe, futi ya kupimia inaning'inia shingoni kama mkufu. Aliye mbele kabisa, mwanamume mrefu mwenye shati jeupe, alikuwa ameiziba foleni nzima kwa ajili ya kifungo kimoja.

"Mama, hiki kina matundu mawili. Changu kilikuwa na manne."

"Kaka yangu, kifungo ni kifungo," alisema mwenye duka. "Nani atakuja kuhesabu matundu kifuani kwako?"

"Mimi nitahesabu."

"Basi nunua, ukahesabie nyumbani!"

Watu wakacheka. Fundi hakucheka, alikuwa anaitazama shingo ya yule mwanamume. Mafundi wana tabia hiyo, huiona kola kabla ya uso. Na kola ile ilikuwa imechanika ukingoni, nyuzi zimechomoza kama nywele za hindi bichi.

"Kaka," alisema kutoka nafasi ya saba, "hata ukipewa kifungo cha dhahabu, hiyo kola inakuaibisha."

Mwanamume akageuka. Alikuwa na macho ya mtu anayependa kubishana, lakini kwa wema.

"Najua, dada. Asubuhi nilipolivaa nilijiambia, leo jioni nalitupa."

"Na sasa hivi?"

"Sasa hivi nalitafutia kifungo."

"Kumbe huna msimamo."

"Ninao. Ninayo hata miwili."

Hapo mwenye duka akaweka mkono kiunoni. "Hiyo sauti! Jamani, si Voltifasi huyu?"

Duka zima likageuka. Wengine wakataka kumsalimia, mmoja akataka kumgombeza kwa jambo alilolisema wiki iliyopita. Maana mji mzima uliijua sauti hiyo, hata walioishi bila kuiona sura yake. Kila siku ya kazi, saa kumi alasiri, redio ya mji ilikuwa na kipindi kiitwacho Pande Mbili. Watangazaji wawili walipewa mada, mmoja akaiunga mkono, mwingine akaipinga. Katikati ya kipindi kengele ya baiskeli hulia, kling, na kila mmoja lazima ageuke papo hapo na kutetea kile alichokuwa anakiponda. Meneja wa kituo, aliyewahi kusoma Ufaransa, aliiita kengele hiyo kwa neno la huko, volte-face, yaani mtu kuugeuza uso wake ghafla, jana ndiyo na leo siyo. Wasikilizaji walilichukua neno wakalipiga pasi kidogo, likawa voltifasi. Na kwa kuwa hakuna aliyegeuka kwa ustadi kama mwanamume huyu, neno likawa jina lake.

"Kumbe una sura," alisema fundi. "Mimi nilidhani wewe ni redio tu."

"Na inafaa, hiyo sura?"

"Nimeshughulika na kola. Sijafika huko juu."

Akatia mkono mfukoni, akatoa kopo dogo la bati, akachagua kifungo cheupe cha matundu manne na kumwekea kiganjani.

"Chukua, utupishe. Na shati usilitupe, kitambaa hicho hakipatikani tena. Kesho lilete kwangu, mtaa wa pili nyuma ya benki, unashuka ngazi tatu, mlango wa bluu. Nitaigeuza kola."

"Kuigeuza vipi?"

"Wewe Voltifasi ndiye unaniuliza mimi kugeuza?"

Safari hii hata mwenye duka aligonga meza kwa kicheko.

*

Chumba cha mlango wa bluu kilikuwa kidogo na safi. Cherehani mbili, meza ya kukatia, pasi, kioo kirefu, na benchi la wateja lililong'aa kwa kukaliwa. Cherehani ya dirishani, ile ya kukanyaga, ilikuwa ya marehemu baba yake. Baba ndiye aliyeanzisha kazi hiyo, ndiye aliyemfundisha binti kushika mkasi kabla hajajua kushika kalamu. Kwenye cherehani ya pili aliketi shangazi mtu, dada wa marehemu, ambaye kazi yake ilikuwa vifungo, pindo, na kutoa maoni.

Voltifasi alifika kesho yake na shati mkononi, amevaa fulana.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Wewe ndiye wa redioni?"

"Ndiye mimi."

"Juzi ulisema wanaume wanaopika ni mashujaa. Baada ya kengele ukasema wanaume wanaopika wanaharibu sufuria. Lipi la kweli?"

"Yote mawili, shangazi. Mimi napika, na sufuria zimeharibika."

Shangazi alikunja mdomo ili asicheke. Fundi alilaza shati mezani, akamwonyesha.

"Tazama. Kola ina nyuso mbili. Huu wa juu umeliwa na jua, sabuni na ndevu zako. Wa chini haujawahi kuona mtu. Nafumua mshono huu wa shingoni, naing'oa kola nzima, naigeuza, naishona tena. Uliochakaa unalala chini, uliojificha unakuja juu. Shati ni lilelile."

"Inachukua muda gani?"

"Nusu saa kwa mwenye haraka. Alasiri nzima kwa mwenye heshima."

"Na wewe?"

"Njoo wiki ijayo."

Hakungoja wiki ijayo. Studio ilikuwa mitaa miwili tu kutoka hapo, na kila siku saa nane, kabla ya kwenda kazini, alishuka zile ngazi tatu.

"Kola yangu, fundi?"

"Bado."

"Alasiri ngapi sasa?"

"Wewe una heshima nyingi, zinahitajika alasiri nyingi."

Shangazi, aliyewahi kumwona mpwa wake akigeuza kola nne kabla ya chai ya saa nne, alitazama dari. Ilipofika wiki ya pili, kola ilikuwa imefumuliwa tu na kuwekwa kando. Ilipofika ya tatu, hakuna aliyeizungumzia tena, lakini mwanamume aliendelea kuja. Wakaanza kutembea pamoja siku za mapumziko, yeye na mashati yake ya rangi, fundi na magauni yenye mifuko. Simu nazo zikaanza.

"Umelala?"

"Saa mbili hii? Mimi si kuku."

"Nilitaka tu kukusikia."

"Mji mzima unakusikia wewe, na wewe unataka kunisikia mimi?"

"Ndiyo, kipenzi changu."

"Hilo umelisema kabla ya kengele au baada?"

"Hakuna kengele hapa."

"Ngoja nisikilize vizuri."

Ulikuwa utani wao. Akimsifia gauni, fundi huuliza, "Kabla au baada?" Akisema amemkumbuka, "Kabla au baada?" Walicheka, lakini ndani ya utani huo fundi alificha pini. Mtu ambaye kazi yake ni kuziamini pande zote, siku akikwambia anakupenda, utamjuaje? Shangazi hakuficha chochote.

"Mwanamume wa maneno, mwanangu. Wa maneno! Akigeuka utamshika wapi?"

*

Siku moja ya mvua, wateja hawakuja, na shangazi alikuwa kwa daktari wa macho. Voltifasi aliketi kwenye benchi akiokota pini sakafuni kwa sumaku, kazi aliyoipenda kama mtoto. Akauliza kwa nini droo ya cherehani ya dirishani haifunguliwi kamwe.

Fundi aliweka mkasi mezani, kisha akaivuta. Ndani kulikuwa na shati moja la buluu lenye mistari myembamba, kola imefumuliwa, imebanwa kwa pini tatu.

"La baba," alisema. "Aliniletea Jumatatu moja. Akaniambia, nigeuzie kola mwanangu, macho yangu hayaoni tena tundu la sindano. Nikafumua. Halafu zikaingia sare za shule, nikamwambia baba, subiri. Akasema yeye hana haraka. Alhamisi akafariki."

Mvua ilipiga ngazi za nje.

"Miaka miwili sasa. Siwezi kulishona, siwezi kulitoa. Shangazi hajui kama bado lipo."

Mwanamume wa maneno hakutafuta neno. Alishika ncha ya mkono wa shati lile, kwa vidole viwili, kama mtu anayesalimiana. Fundi alimpenda siku hiyo kuliko siku zote.

*

Kisha ikaja Ijumaa.

Karakana ilikuwa imejaa. Mama mmoja alikuwa anasubiri sare za wanawe watatu, mwalimu mstaafu anasubiri suruali, na shangazi ameongeza sauti ya redio kwa kuwa mada ilikuwa ya kwao: nguo kuukuu, itengenezwe au itupwe?

Voltifasi alipata upande wa kutengeneza.

"Ndugu zangu," ilisema sauti yake, "shati lina upande ambao haujaishi bado. Tukilitupa, tunatupa nusu ya maisha yake. Mimi nimemwona fundi akifanya kazi. Mtu anayejua kufumua bila kuchana, huyo anajua mambo mengi ya dunia hii."

"Huyo ni wewe!" alipiga kelele mama wa sare. Mwalimu mstaafu akapiga makofi. Fundi aliinamisha kichwa juu ya kazi yake, lakini mashavu yalimsaliti.

Kling.

"Voltifasi!" alisema mtangazaji mwenzake, mwanamke ambaye wasikilizaji walimwita Pilipili.

"Haya, tusidanganyane," sauti ileile iliendelea, imechangamka kama farasi aliyefunguliwa. "Fundi anayegeuza kola ni sawa na mpishi anayegeuza mkate ulioungua ili mgeni aone upande mzuri!"

Mama wa sare alicheka mpaka akashika kifua. Hata fundi alitabasamu. Mkate ulioungua, sawa, ni mchezo.

"Na wapo ambao hawatengenezi nguo, wanatengeneza huzuni. Namjua mtu ana shati la marehemu baba yake kwenye droo. Kola imebanwa kwa pini, mwaka wa pili huu. Jamani! Kulishona hakumrudishi mtu. Tup…"

Sauti ilikwama kwenye neno hilo, kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwapo. Kisha Pilipili akadakia na kuweka muziki.

Mguu wa fundi ulisimama kwenye kanyagio. Uzi ulikatika.

"Maskini!" alisema mama wa sare. "Nani huyo mwenye shati kwenye droo?"

Shangazi aliishusha miwani yake mipya, akaitazama droo ya cherehani ya dirishani, akamtazama mpwa wake. Kisha akanyoosha mkono, akazima redio.

*

Simu iliita mara kumi na saba. Ya kumi na nane fundi aliipokea.

"Kipenzi, nisikilize…"

"Kabla au baada?"

"Niliteleza. Kengele ikilia nashika hoja yoyote iliyo karibu, nashika yenye nguvu zaidi. Mdomo ulitangulia. Nilipoisikia masikioni mwangu…"

"Nilikupa siri ya baba yangu, ukaifanya hoja."

"Sikutaja jina."

"Jina! Baba yangu alikuwa na jina mjini kwa sababu hakuwahi kumvua mteja nguo mbele ya watu. Wewe umenivua mimi, mji mzima ukisikiliza."

"Nisamehe. Nakupenda."

"Na kengele ikilia, je?"

Hakungoja jibu.

Jumatatu, saa nane kamili, Voltifasi alishuka zile ngazi. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni na ufagio.

"Fundi hayupo."

"Namwona, shangazi. Yuko pale kwenye pasi."

"Unamwona, lakini hayupo."

"Naweza kumsubiri?"

"Benchi ni la wateja."

"Mimi ni mteja. Kola yangu haijakamilika."

Shangazi alitafuta kosa katika hoja hiyo, hakuliona. Akasogea. Voltifasi aliketi mwisho wa benchi, na hakusema neno. Fundi alichukua mkoba wake akaenda kununua uzi asiouhitaji, akarudi baada ya saa moja na nusu, akakuta ameshaondoka. Jumanne vivyo hivyo. Jumatano vivyo hivyo. Alhamisi, aliporudi na uzi wa rangi ya zambarau ambao hakuna mteja angeutaka, shangazi alimngoja na mikono kiunoni.

"Utanunua uzi mpaka lini?"

"Mpaka achoke."

"Hachoki yule. Kaketi, hajasema kitu. Kaokota pini zote. Kanishonea vifungo viwili, vibaya sana, nimevifumua. Mtangazaji, mwanangu, kakaa siku nne bila kusema! Mimi nimemtazama, nimebadili mawazo. Anafaa."

"Shangazi! Si wewe uliyesema hafai?"

"Ndiyo, mimi."

"Kwa kiapo!"

"Kwa viapo viwili. Sasa nasema anafaa. Mdomo wangu mwenyewe, sikuuazima." Akavua miwani, sauti ikashuka. "Kosa kafanya, tena kubwa. Lakini na wewe, lile shati. Ungeniambia mimi. Alikuwa kaka yangu."

Fundi aliweka uzi chini, akamimina chai vikombe viwili. Walikaa pamoja kwenye benchi, shangazi na mpwa, mpaka chai ikapoa.

*

Jumapili asubuhi fundi alifungua karakana peke yake. Akafungua madirisha, akaivuta droo.

Mikono ya fundi huijua kazi hata moyo usipoijua. Alichomoa pini ya kwanza, ya pili, ya tatu. Zilikuwa zimeacha alama ndogo za kutu. Akaigeuza kola, na hapo akasimama.

Upande wa chini ulikuwa na buluu nyingine kabisa. Buluu kali, ya mchana. Miaka yote alidhani shati la baba lilikuwa la rangi ile iliyofifia, na sasa akakumbuka. Alikuwa darasa la nne, baba amekuja shuleni siku ya kufunga muhula, amesimama nyuma ya wazazi wengine, na yeye alimwona kutoka mbali kwa sababu ya buluu hii. Alikuwa ameisahau. Ilikuwa imelala chini ya kola, haijaguswa na jua.

Akalia kidogo. Kisha akapima katikati, akashona, akapiga pasi. Alipomaliza akalitundika kwenye kioo na kuketi kulitazama. Shati lilikuwa shati. Halikumrudisha mtu. Lile neno la redioni, lenye ukatili, lilikuwa na ukweli nusu, na yeye alikuwa amekasirikia zaidi ile nusu ya kweli. Nusu nyingine, ile ya kutupa, ilikuwa upumbavu mtupu, na yule bwana mwenyewe aliitambua kabla hajaimaliza.

Pembeni ya meza lilikuwa jingine, jeupe, kola imefumuliwa, linasubiri wiki ya tano. Akalivuta.

*

Jumatatu saa nane Voltifasi hakuja. Shangazi alienda mlangoni mara tatu, akisingizia anatazama mvua, na jua lilikuwa linawaka. Ilipofika saa kumi aliwasha redio bila kuomba ruhusa.

"Mada ya leo nimeichagua mimi," alisema Pilipili, na sauti yake ilikuwa na tabasamu la mtu mwenye hila. "Mtu anayebadili msimamo ghafla: ana akili, au ni kigeugeu tu? Mwenzangu leo amekuja na uso kama soksi iliyopotelewa na mwenzake, lakini kengele haimhurumii mtu. Simu ziko wazi. Mpigaji naye atageuka kengele ikilia!"

Fundi alikuwa ameshashika simu. Namba ilikuwa na shughuli. Akapiga tena, ina shughuli.

"Chukua na yangu," alisema shangazi, "piga na mikono miwili!"

Iliita ya shangazi.

"Pande Mbili, karibu. Nani mwenzetu?"

"Fundi. Wa mlango wa bluu."

Redioni kitu kilianguka, pengine kikombe.

"Karibu fundi," alisema Pilipili haraka. "Upande gani?"

"Napinga. Anayegeuka ghafla ni kigeugeu. Nilimpa mtu kitu changu akishike kwa mikono miwili. Kengele ikalia, akakirusha. Alikuwa mtu yuleyule, sauti ileile, sekunde tatu tu zimepita. Mtu wa hivyo utamwegemea vipi ukapata usingizi?"

Mama wa sare, aliyekuwa amekuja kulalamikia pindo, alisahau pindo.

Kling. Ililia polepole, kana kwamba aliyeipiga aliogopa.

"Voltifasi," alisema Pilipili.

Fundi akashusha pumzi.

"Kola haigeuki yenyewe," alisema. "Lazima ifumuliwe kwanza, na kufumuliwa kunauma. Lakini ikigeuka inabaki kitambaa kilekile. Jana nimelimaliza lile shati. Aliyesema halimrudishi mtu alisema kweli. Aliyesema litupwe alikosea, na nadhani anajua. Nilisema sitamsamehe. Nilisema hivyo wiki nzima, kwa uzi wa kila rangi. Leo nimegeuka. Na kola yake iko tayari, aje aichukue."

"Asante, fundi," alisema Pilipili. "Sasa mwenzangu, zamu yako. Mpigaji amesifu kugeuka, wewe lazima umpinge. Haya."

Kling.

Redio ikanyamaza.

Haikutoa neno wala muziki. Sekunde moja, mbili, tatu. Kwenye redio ukimya ni kosa kubwa kuliko tusi. Sekunde ya tano. Kling, kengele ililia tena, kali zaidi. Ukimya.

"Betri!" alisema shangazi, akaipiga redio kofi.

Fundi alikuwa ameishika simu kifuani kwa mikono miwili. Yeye alijua si betri. Kwa mara ya kwanza tangu kipindi hicho kianze, mwanamume yule alikuwa amepewa upande wa kugeukia na hakwenda. Sekunde ya tisa, ya kumi. Kisha kiti kikakwaruza sakafu, mlango ukabamizwa, na Pilipili akarudi hewani akijizuia kucheka.

"Wasikilizaji, mwenzangu ametoka mbio. Hedifoni zinaning'inia hapa. Meneja anakuja, naona kidole chake tangu mbali. Tupate muziki, na mlioko mtaa wa pili nyuma ya benki, mpisheni njia!"

Alifika kabla wimbo haujaisha, fulana imelowa jasho, kiatu kimoja hakijafungwa. Alisimama kwenye ngazi ya tatu akihema. Kwenye kioo aliliona shati la buluu, kola yake inang'aa, akaliinamishia kichwa kidogo, kama anavyoinamiwa mzee wa nyumba. Shangazi aliona, akajifanya anatafuta sindano.

"Umefukuzwa kazi?" aliuliza fundi.

"Sijui. Sikugeuka nyuma kutazama."

"Basi umenyamaza bure."

"Nilikuwa na la kusema. Lakini lilikuwa na upande mmoja tu, na kipindi kinataka pande mbili." Akajifuta jasho. "Nilichokufanyia Ijumaa ile hakina kengele ya kusingizia. Ulikuwa mdomo wangu. Siri yako haitatoka tena kinywani mwangu, hata kengele zote za mji zilie."

Fundi alimkabidhi shati jeupe. Voltifasi aligusa kola kwa kidole, akaigeuza, akautafuta mshono asiuone.

"Wiki tano," alisema.

"Una heshima nyingi."

"Nataka kukuoa."

Mama wa sare akaachia "Uwi!" na kuziba mdomo. Fundi alichukua mkasi mkubwa wa baba, akagonga nao gurudumu la chuma la cherehani ya dirishani. Kling.

"Voltifasi," alisema.

"Nataka kukuoa."

Kling.

"Nataka kukuoa. Piga mpaka mkasi uvunjike."

Macho ya fundi yalikuwa yamejaa, na kicheko kilikuwa kinamtoka pembeni mwa mdomo. Hakutaka apate ushindi kirahisi hivyo, mbele ya wateja.

"Sitaki," alisema.

Shangazi akainuka kwenye kiti chake bila haraka. Akaunyang'anya ule mkasi mkononi mwa mpwa wake, akaunyanyua juu, akaligonga gurudumu la kaka yake kwa nguvu zake zote.

Kling!

"Haya, mwanangu," alisema. "Sheria ni sheria. Geuka."